Magunia ya Mama na Ghorofa ya Mabati

Mama yangu alimshtaki jirani yake mbele ya watu, Jumamosi moja asubuhi, kwa sababu ya sukuma wiki. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Kawangware, ninakoishi na kufundisha, na habari zilinifikia kwa simu kutoka kwa mama mwenyewe, ambaye alisimulia kama mtu aliyetenda jambo la haki lililokuwa limechelewa. Alisema amemwambia yule mwanamke waziwazi kwamba anamwaga maji ya samaki kwenye magunia yake, kwamba mboga zinakufa kwa ajili hiyo, na kwamba wote waliokuwa wakichota maji pale bombani walisikia. Nilimuuliza jirani alijibu nini. Mama akasema hakujibu kitu. Alichukua jiko lake akaondoka.

Hilo la kuchukua jiko ndilo lililonikaa rohoni.

Mama anaishi Lindi, mtaa wa mabanda ulio mwendo wa miguu kutoka kwangu, katika chumba kilekile ambacho yeye na baba walipanga walipotoka magharibi, kabla sijazaliwa. Baba alikuwa fundi wa mawe na alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Mama amekulia shambani, na hakuwahi kuzoea kununua mboga. Mahali ambapo hapakuwa na udongo hata wa kujaza kiganja, alitafuta magunia, akayajaza udongo na samadi, akaweka mawe katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yashuke vizuri, akatoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche. Sukuma juu na pembeni, kunde katika gunia moja, saga, ile mboga chungu ya kienyeji, katika jingine. Magunia sita yalisimama yameegemea ukuta wake wa mabati, kandokando ya kichochoro, kwa miaka mingi. Tulikula humo. Wakati mwingine aliuza, na mara nyingi aligawa.

Jirani ni mwanamke wa kutoka upande wa ziwani. Chumba chake kinafuata cha mama, pale kichochoro kinapopinda, lakini mlango wake unatazama upande wa pili ambako watu hawapiti sana. Kwa hiyo biashara yake aliifanya kwenye ukuta wa mama, karibu na bomba, penye watu. Anakaanga mgongo wazi, yaani ile mifupa ya samaki inayobaki viwanda vikishatoa minofu, na akiikaanga yeye inakauka na kulia mdomoni hadi unatafuna na kichwa. Nimekula mgongo wazi wake tangu nikiwa mdogo. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyelala chumbani kwetu wiki nzima, akipika na kufua, bila kuulizwa na mtu. Mimi humwita anti, na sijawahi kufikiria kumwita vinginevyo.

Kwa hiyo Jumapili iliyofuata nilikwenda. Siku nyingi nilikuwa nikimtembelea mama jioni, baada ya kazi, jua likiwa limekwisha kutua nyuma ya nyumba. Siku hiyo nilifika saa nne asubuhi, nikitembea kutoka Kawangware, kuvuka Barabara ya Ngong na kuteremka kupitia mtaa wa Olympic, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi niliyaona magunia mchana.

Yalikuwa yanasikitisha. Sukuma zilikuwa zimerefuka shina kuliko kawaida, nyembamba, zimeinama zote upande mmoja. Majani yalikuwa madogo na rangi yake ilikuwa imefifia, yale ya chini yamekuwa manjano kabisa. Kunde zilitambaa bila kujaza. Udongo ulikuwa na unyevu mzuri, haukunuka chochote. Niliinama nikaushika, nikaunusa. Halafu nikainua kichwa.

Mbele yangu, ng'ambo ya kichochoro, mahali palipokuwa na paa la chini ambalo tukiwa watoto tulirushia viatu vya kuchakaa, palikuwa na ghorofa ya mabati. Mwenye ploti alikuwa ameijenga polepole, nguzo mwezi huu, kuta mwezi ule, ngazi mvua zilipokwisha. Nilikuwa nimeiona ikipanda, jioni baada ya jioni, na sikuwahi kuifikiria isipokuwa kujisemea kwamba wapangaji wapya watachosha bomba. Sasa ilikuwa saa nne, anga nyeupe kwa jua, na ukuta wa mama ulikuwa kivulini kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nilimuuliza mama jua linafika hapa saa ngapi siku hizi. Akasema halifiki, na kwamba kwa hilo anamshukuru Mungu, kwa sababu zamani mboga zilikuwa zinanyauka mchana na alilazimika kumwagilia mara mbili. Sasa mtungi mmoja unatosha siku mbili.

"Mama," nikasema, "hizi mboga hazijauawa na samaki. Zina njaa."

Aliniangalia kama aliyeambiwa kwamba hakumlisha mtoto. Akanionyesha samadi aliyoweka, akanionyesha majivu. Akaniuliza ni chakula gani kimekosekana.

Hapo ndipo nilipoaibika, na aibu hiyo bado naikumbuka. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Muhula huohuo nilikuwa nimeandika ubaoni jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga, na watoto wakanakili, na mimi nikasahihisha. Nilijua kuikariri kwa Kiingereza tangu nikiwa darasani, neno kwa neno, na niliwahi kupata alama zote. Lakini mama hakusoma kwa Kiingereza, na nilipofungua mdomo kumweleza kwa lugha tunayozungumza nyumbani, niligundua kwamba nilichonacho ni sentensi tu. Nilisema mmea hupata chakula kutoka kwa jua. Mama akasema jua haliliwi. Nikasema usanisinuru, neno nililolisikia redioni. Akaniuliza kama ni ugonjwa. Nikajaribu kueleza tena nikachanganyikiwa kati ya hewa na maji, na mama, ambaye hapendi kuona mtoto wake akihangaika, akaniambia niingie ndani ninywe chai.

Sikumwona anti siku hiyo. Nilipopita penye pembe ya kichochoro nikaona jiko lake limewekwa mlangoni kwake, kule ambako hakuna anayepita, na beseni la samaki limefunikwa, likiwa bado limejaa.

Usiku huo sikusoma kitabu cha mwalimu. Nilikaa na daftari nikajaribu kuandika jambo lile kana kwamba namwandikia mama barua. Iliniwia vigumu kuliko mtihani wowote. Kila nilipoandika neno la kitabuni nililazimika kujiuliza lina maana gani hasa. Nilifuta sana. Nilichobaki nacho mwishowe kilikuwa kifupi, na nilikipenda.

Ndani ya jani kuna vichembe vidogo mno vyenye rangi ya kijani, na rangi hiyo kazi yake ni kunasa mwanga. Mwanga unaponaswa, nguvu yake hutumika kuyapasua maji yaliyopanda kutoka mizizini. Sehemu moja ya maji hayo hutoka nje ikiwa hewa, ile tunayoivuta sisi. Sehemu iliyobaki huunganishwa na hewa nyingine, ile tunayoitoa puani, ambayo huingia kwenye jani kwa vitundu visivyoonekana kwa macho. Kutoka kwa maji na hewa hiyo hupatikana sukari. Na nguvu ya mwanga haikupotea, imefungwa ndani ya sukari ile, na itakaa humo mpaka kitu kije kuifungua. Samadi inasaidia, kama chumvi inavyosaidia mchuzi, lakini chumvi peke yake si mlo.

Juma lililofuata nilimwomba mama mkebe wake mmoja. Mbali na magunia alikuwa na mikebe ya rangi aliyooteshea miche, na mmoja ulikuwa na kunde tatu zilizodumaa. Nikaubeba hadi Kawangware, nikauweka uani shuleni, mahali ambapo jua linapiga kuanzia asubuhi hadi alasiri. Sikubadilisha udongo. Sikuongeza chochote ila maji. Baada ya wiki tatu kunde zile zilikuwa zimetoa majani mapya mapana ya kijani cha kukolea, na watoto wa darasa langu wakawa wananiuliza nitazipika lini.

Nilipompelekea mama habari hiyo kwa simu alisema huenda ni maji ya Kawangware. Nikamwambia aje aone mwenyewe.

Kabla hajaja niliandaa kila kitu. Alhamisi jioni niliufungia mkebe katika kabati la stoo ya shule, gizani, ili kunde zitumie akiba yote ambayo zilikuwa zimeiweka kwenye majani. Jumamosi asubuhi, mama alipofika akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani kwa sababu alikuwa anakuja shuleni, niliutoa mbele yake. Nikamwomba achague jani. Alichagua moja kubwa, nami nikalizungushia katikati ukanda wa foili, juu na chini, nikaubana kwa kibanio cha nywele. Kisha tukauweka mkebe juani, tukakaa kwenye benchi tukisubiri.

Tulikaa karibu siku nzima. Kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku wa mlinzi. Mama alinisimulia habari za nyumbani kwao, za bibi yake aliyepanda viazi vitamu, mambo ambayo sikuwahi kuyasikia kwa sababu hatukuwahi kukaa mahali pamoja muda mrefu bila kazi mikononi. Katikati ya mazungumzo hayo nilimweleza lile jambo kama nilivyoliandika kwenye daftari. Safari hii hakunikatiza. Nilipofika penye nguvu iliyofungwa ndani alitazama chini kwa muda.

"Makaa," akasema.

Nikamuuliza makaa vipi.

"Mti ulikaa kwa jua miaka mingi. Wakaukata, wakauchoma nusu. Mimi naununua kwa debe. Ule moto unatoka ndani, si ule wa jua?"

Nilimwambia ndio, ni ule. Nilikuwa nimefundisha miaka sita na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipa mfano huo, wala mimi sikuwahi kuufikiria, ingawa nimepika kwa makaa maisha yangu yote. Mama aliendelea kutazama chini, sasa akitikisa kichwa polepole, na nikaona kwamba amekwenda mbele yangu, kwamba anaupima mti wote, na kuni, na ugali, na watu wanaokula ugali.

Baadaye akaniuliza swali ambalo alikuwa ameliweka. "Basi mimi kazi yangu ni gani? Kama inajipikia yenyewe."

Nikasema kazi yake ni kuipelekea maji na kuhakikisha haikosi mwanga. Akasema hiyo ya pili hakuifanya.

Saa tisa nililichuma lile jani tukaenda nalo chumbani kwangu. Nilikuwa nimenunua kwenye duka la dawa chupa ya spiriti na kichupa cha iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Nilichemsha maji, nikalitumbukiza jani kwa dakika moja hadi likalegea. Kisha nikazima stovu kabisa, kwa sababu spiriti inashika moto upesi, nikamimina spiriti kwenye kikombe cha bati, nikalitia jani humo na kukisimamisha kikombe ndani ya yale maji ya moto. Tukatazama. Spiriti ilianza kugeuka kijani, na jani likaanza kupauka, mpaka rangi yote ikawa kwenye kikombe na jani likabaki jeupe kama karatasi iliyoloa. Mama alisema anasikitika kuliona hivyo.

Nilikuwa nimetoa foili mwanzoni, na kwenye jani lile jeupe hukuweza tena kujua ilikuwa sehemu gani. Niliosha jani, nikalitandaza kwenye sahani nyeupe, nikampa mama kichupa. Nilimwambia iodini ikikuta wanga, yaani ile sukari iliyokwisha kuwekwa akiba, inageuka kuwa nyeusi, na isipokuta inabaki ya kahawia.

Aliidondosha kwa uangalifu, kama anayetia mtoto dawa ya macho. Kwa muda palikuwa na kahawia tu. Kisha pande mbili za jani zikaanza kuiva, zikawa bluu, zikaendelea hadi zikawa karibu nyeusi, na katikati, mahali ambapo foili ilizuia jua, ukabaki ukanda wa kahawia, umenyooka, upana uleule.

Mama aliuinamia ule ukanda akaupima kwa kidole. Ulikuwa udongo uleule, maji yaleyale, jani lilelile. Niliona uso wake ukibadilika na nikajua hafikirii tena kunde.

"Nilimwambia mbele ya watu," akasema.

Nilimtazamia aende kwa jirani kesho yake. Hakwenda. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Nilipomuuliza kwa simu alinijibu kwa ukali kidogo, jambo lisilo kawaida yake, kwamba mimi sijui. Nilipomsukuma zaidi ndipo aliponieleza. Katika kichochoro chote, mahali pekee palipobaki na jua la kutosha ni penye pembe, mlangoni mwa jirani, kuanzia saa nne hivi hadi baada ya chakula cha mchana. Mama alikuwa amelichunguza jambo hilo siku nyingi, akisimama na kutazama mwanga unapofika ukutani, na alikuwa ameweka alama kwa chaki.

"Nikienda leo kuomba msamaha," akasema, "atasema nimekuja kutafuta jua yake. Na mimi mwenyewe sitajua kama ni uongo."

Nilifikiri kumtetea kwa anti mimi mwenyewe, nikaona si kazi yangu. Pia nilijua kitu kingine ambacho hatukukitaja. Jirani alikuwa amewahi kumwaga maji ya samaki pale kweli, mara moja au mbili, penye gunia la mwisho, na hata yeye hakukana. Kwa jinsi ninavyoelewa, maji yale pengine yalizipa mboga mbolea kidogo. Gunia lile la mwisho ndilo lililodhoofika polepole kuliko mengine. Mama aliliona hilo kabla yangu, nadhani, na lilimuumiza zaidi.

Siku moja akanipigia akiniuliza kama ile dawa ya vidonda imebaki. Nikamwambia imebaki nusu. Akasema nimletee, na spiriti pia, na mkebe wa kunde. Nikampelekea jioni ileile. Nilimkumbusha habari ya kuzima jiko. Akasema amesikia.

Yaliyotokea siku ya pili niliyakuta nusu, na nusu nyingine nilisimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Mama aliuweka mkebe penye jua, mlangoni kwa jirani, tangu asubuhi, bila kumwomba ruhusa mtu, na anti alipotoka akauona, akaupita. Alasiri mama alichuma jani moja kwenye mkebe na jani moja kwenye gunia lake la kivulini. Akachukua sufuria, kikombe, sahani nyeupe, akaenda mlangoni kwa jirani na kumwomba maji ya moto. Wiki saba walikuwa hawajasemezana. Anti akampa maji. Mama akakaa chini, pale pale kizingitini, mbali na jiko, akaanza kufanya yale tuliyoyafanya Kawangware.

Mimi nilifika alipokuwa amefika kwenye sahani. Jani la kivulini lilikuwa limechanika kwa sababu alilichemsha kupita kiasi. Mikono yake ilikuwa imejaa madoa ya kahawia. Anti alikuwa amekaa kwenye kiti chake kifupi, kisu cha samaki kikiwa mkononi, anatazama bila kuonyesha chochote. Jani la mkebe lilikuwa jeusi. Lile lililochanika lilikuwa limebaki kahawia, na doa moja dogo la bluu kwenye ncha, ambako nafikiri mwanga kidogo ulikuwa umepenya kati ya mabati.

Mama alieleza. Alieleza vizuri kuliko mimi, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, na alifika hadi kwenye makaa yaliyokuwa yanawaka mbele yao. Alisema ni ghorofa iliyozuia jua. Alisema maji ya samaki hayakuwa na makosa. Kisha akaishiwa na mambo ya mmea ya kueleza, na bado alikuwa hajasema alichokuja kusema.

Anti ndiye aliyemtangulia. "Hiyo dawa yako ya kidonda sikuihitaji," akasema. "Mimi nilijua sikuua mboga yako. Nilihitaji ukuje."

"Nimekuja," mama akasema.

"Umekuja na sufuria."

"Sikujua kuja mikono mitupu. Nilikukosea, dada. Mbele ya watu, na wewe ndiye ulilala kwangu wakati wa msiba. Naomba unisamehe."

Anti aliinamia samaki wake akaanza kuwakwaruza. Machozi yalikuwa yanamtoka mama na hakuyafuta kwa sababu ya iodini mikononi. Nilitaka kwenda kumfuta, nikabaki nilipo. Hatimaye anti aliingia ndani, akatoka na kipande cha sabuni na maji kwenye beseni, akamwekea miguuni. Hakusema amesamehe. Alimwambia tu aoshe mikono kabla hajashika kitu.

Msamaha wenyewe ulikuja vipande vipande, kama ninavyoona. Siku chache baadaye mama alikwenda bombani saa ambayo watu ni wengi, na akasema mbele yao kwamba alikosea, kwamba mboga zilikosa jua, si kitu kingine. Najua hilo lilimgharimu. Baadhi walicheka, na mmoja akamuuliza kama sasa amekuwa mwalimu kama binti yake. Wiki hiyohiyo jiko la samaki lilirudi kwenye ukuta wa mama. Anti anasema kivuli cha ghorofa kinamfaa, kwa sababu zamani alikuwa anakaangwa pamoja na samaki.

Habari ya jua mama hakuitaja kabisa. Alisubiri, na nadhani angesubiri hadi mwisho na kuacha kilimo. Ni anti aliyemwambia, tena kwa kumlaumu, kwamba anaona alama za chaki ukutani kwake na hajui zimewekwa na nani, na kwamba kama kuna mtu anataka kuweka gunia hapo aliweke, kuliko kuandika nyumba za watu.

Kuhamisha magunia si jambo dogo. Mawili yalikuwa yameoza na yalipasuka tulipoyagusa, udongo ukatapakaa kichochoroni na tukaukusanya kwa koleo kwa saa nzima huku wapitaji wakituruka. Sukuma zile ndefu hazikupona, tulizing'oa. Mama alipanda upya, manne tu, penye pembe, na alianza na kunde kwa sababu sasa anaziamini.

Mimi nami nilibadilika kazini, ingawa si sana. Bado naandika ubaoni kwa Kiingereza, kwa sababu mtihani uko hivyo. Lakini kabla ya kuandika huwaambia watoto wanieleze jambo lile kama wanavyoweza kulieleza nyumbani, kwa lugha yoyote ile, Sheng ya mitaani pia, na anayeshindwa namwambia kwamba hata mimi nilishindwa. Wengine huleta majibu ya ajabu. Msichana mmoja aliniambia bibi yake amekataa katakata kuliamini jambo hilo, na kwamba anataka kuja kuongea na mimi.

Juzi nilikwenda Lindi adhuhuri. Mama na anti walikuwa wameshika gunia moja, mmoja huku mwingine kule, wanalisogeza hatua moja kulifuata jua, wakibishana kama lisogezwe kidogo au sana. Nilisalimu nikataka kusaidia. Mama akaniambia nisiguse, nitaharibu, nichukue mtungi nikachote maji.